Muulize Daktari: Koo Linauma, Nisubiri au Niende?

Barua za koo zimerundikana mezani kwangu, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: linauma mno, je, ni hatari? Niseme mapema ili nisije nikarudia katika kila jibu. Ukali wa maumivu haunisaidii sana kuamua. Mafua ya kawaida yanaweza kumtoa mtu mzima machozi kila akimeza mate, na siku ya tano ukamkuta anapiga soga. Halafu yapo magonjwa mabaya ya koo yanayoanza kwa muwasho ambao mtu anaona aibu hata kuutaja. Mgonjwa akiketi mbele yangu, kabla sijawasha tochi, nataka kujua koo limeshindwa kufanya nini. Mate yanapita? Hewa inapita? Mdomo unafunguka wote? Sauti ni yake ile ya siku zote? Baada ya hapo ndipo nauliza ni siku ya ngapi, na ana umri gani.

Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka minane. Juzi usiku alishikwa na homa ghafla, akalalamika kichwa na tumbo, akatapika. Kulipokucha akasema koo linauma. Hakohoi wala hana mafua. Nimemmulika kwa tochi ya simu nikaona mafindofindo yamevimba, mekundu, yana madoa meupe. Baba yake anasema koo huisha lenyewe, tusubiri. Ndani zipo kapsuli za amoksilini alizobakiza dada yake. Nimpe hizo, nisubiri, au nimpeleke? – Mama wa Wawili

Marahaba, mama. Mpeleke, leo au kesho mchana. Kwa maelezo haya hakuna haja ya kukimbizana usiku. Na kapsuli za dada yake usimpe.

Baba yake hajakosea sana. Katika kila watu wazima kumi wanaoumwa koo, tisa hivi wameletewa na virusi, ambavyo antibayotiki haziviwezi hata kidogo. Kwa watoto ni kama saba katika kumi. Wengi hupona ndani ya wiki moja, wameze dawa wasimeze. Ungeniambia mtoto anakohoa, kamasi zinamtiririka, macho mekundu na sauti imemkauka, ningesimama upande wa baba. Hizo ni dalili za virusi, na kazi yako ingekuwa kumpa maji, kumtuliza maumivu na kumwangalia.

Lakini uliyoandika ni kinyume chake. Homa ya ghafla, tumbo, kutapika, madoa ya usaha, kikohozi hakuna, na umri wa miaka minane. Kati ya miaka 5 na 15 ndipo bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A anapopenda kukaa kooni. Mwaka 1981 daktari Robert Centor na wenzake walichapisha dalili nne za kumkisia bakteria huyu kwa watu wazima: homa, usaha kwenye mafindofindo, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na zinazouma zikiguswa, na kutokuwepo kikohozi. Baadaye umri nao ukaingizwa kwenye hesabu, na watoto wa rika la mwanao wakaongezewa alama. Mpapase shingoni chini ya taya. Ukikuta vifundo vinavyomuuma, mweleze daktari.

Hata hivyo sikilizeni, nyote mnaomulika makoo ya watoto kwa simu: madoa meupe peke yake si ushahidi. Hata mgonjwa mwenye dalili zote nne, karibu nusu tu ndio hukutwa na streptokoka. Viko virusi vinavyopaka koo usaha mweupe vizuri tu, na mimi niliyezeeka katika kazi hii siwezi kuapa kwa kutazama. Ndiyo maana nataka apimwe. Watampitisha kijiti cha pamba kwenye mafindofindo, ataogopa na pengine atataka kutapika, lakini ni sekunde chache. Kipimo cha haraka hujibu ndani ya dakika chache. Kile cha kuotesha vijidudu maabara huchukua siku moja au mbili.

Sasa, kama koo lenyewe litapona, kwa nini tuhangaike? Kwa sababu ya moyo. Koo la streptokoka likiachwa bila tiba, kinga ya mwili iliyoamshwa kupigana na bakteria inaweza kuukosea mwili wenyewe kuwa adui. Wiki mbili hadi nne baadaye, koo limeshasahaulika, mtoto anaanza kuumwa goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko, na homa juu yake. Hiyo ni homa ya rumatiki. Maumivu ya viungo hupita. Kinachobaki ni vali za moyo, hasa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, ambazo huota kovu na kushindwa kufunga au kufunguka sawasawa. Vijana wanaofika kliniki wakihema kwa kupanda ngazi chache tu, ukiwauliza habari za utotoni, baadhi hawakumbuki hata kuumwa koo.

Habari njema ni kwamba muda unao. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa ya rumatiki. Kwa hiyo kungoja kipimo mpaka kesho hakumdhuru mwanao. Kinachodhuru ni kumpa nusu dozi. Tiba kamili ni siku 10 za penisilini au amoksilini kwa kipimo cha uzito wake, au sindano moja tu ya benzathini penisilini. Kapsuli alizobakiza dada yake hazifiki huko, na kubaki kwenyewe kunaonyesha kwamba dada naye huenda hakumaliza zake. Ukimpa mbili tatu kabla ya kipimo, unaweza kumficha bakteria kipimo kisimwone, huku yeye yumo.

Jiandae kwa siku ya tatu. Homa itakuwa imeshuka, mtoto anakimbia, na wewe utajiuliza kwa nini uendelee kumlazimisha dawa. Endelea mpaka siku ya kumi. Ukijijua kwamba nyumba yako ni ya kusahau dawa, mwombe daktari sindano; inauma paja siku moja, kazi inaisha. Na mtu asikushawishi kwamba penisilini imepitwa na wakati, mtoto anahitaji kitu kikali zaidi. Bakteria huyu hajathibitishwa popote kuwa sugu kwa penisilini, tangu dawa hiyo ilipoanza kutumika zaidi ya miaka 80 iliyopita. Kama ana aleji nayo, hiyo ni habari nyingine, na dawa mbadala zipo. Shuleni atarudi homa ikishaisha na akiwa ameshapata saa 24 za dawa.

Wakati unangoja, mpe parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini usimpe kabisa. Kwa mtoto mwenye maambukizi ya virusi inaweza kuharibu ini na ubongo.

Nimesema hakuna haja ya kukimbizana usiku. Yako mambo yatakayonifanya nibadili neno hilo papo hapo. Mtoto anatokwa na udenda kwa sababu hawezi kumeza mate yake. Anapovuta pumzi kunasikika mlio, au ngozi inabonyea katikati ya mbavu. Anakataa kulala, anataka kukaa ameinama mbele, kidevu kimenyanyuka, mdomo wazi. Amekaza shingo hataki kuigeuza. Analegea, anaamka kwa shida. Amepitisha nusu siku bila kukojoa. Lolote kati ya hayo, ondokeni muda huohuo, na usimtie kijiko mdomoni ili uone vizuri, wala usimlaze chali. Juu ya koromeo kuna kifuniko kidogo kinachoziba njia ya hewa tunapomeza. Kikivimba, kumchokonoa mtoto na kumliza kunaweza kuifunga njia yote. Chanjo ya Hib, bakteria anayeweza kukivimbisha kifuniko hicho, imeufanya ugonjwa huo kuwa adimu kwa watoto, lakini haujafutika. Madaktari wengi wa leo wanaamini ndio uliomuua George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, Desemba 1799. Aliamka usiku wa manane koo linambana, na usiku uliofuata alikuwa maiti. Waliomtibu walimtoa damu nyingi, mkondo baada ya mkondo, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa.

Neno moja la mwisho kwako, mama: angalia kadi za chanjo za wote wawili. Utando wa kijivu uliong'ang'ania kooni, unaotoa damu ukiguswa, pamoja na shingo iliyovimba pande zote, ni dondakoo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na huwapata zaidi wasiochanjwa. Na hata baada ya mwanao kupona, kwa mwezi mmoja hivi kumbuka koo hili. Maumivu yanayohama kiungo hadi kiungo, kuhema bila sababu, mikono inayorukaruka yenyewe, uso uliovimba asubuhi au mkojo wa rangi ya kahawia, vyote ni vya kumrudisha kliniki na kusema: aliumwa koo tarehe fulani.

Shikamoo dokta. Nina miaka 19, niko chuo. Koo limeniuma zaidi ya wiki, tezi zimevimba mpaka nyuma ya shingo, na nachoka kama nimebeba mawe. Mwenzangu wa chumbani alinipa amoksilini. Siku ya nne nikajaa vipele mwili mzima. Ina maana nina aleji ya penisilini? Jumamosi nina mechi, je, nicheze? – Winga wa Kulia

Marahaba, kijana. Usicheze. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza acha hizo kapsuli.

Koo lisilokwisha kwa wiki, tezi za nyuma ya shingo na uchovu wa kukulaza mchana, kwa umri wako, vinanielekeza kwa virusi vya Epstein-Barr. Huambukizwa kwa mate, na amoksilini haivifanyi kitu. Lakini amoksilini ikikutana na virusi hivi mwilini, watu wengi hutoka vipele vyekundu ambavyo mara nyingi si aleji ya kweli. Nenda ukaonwe ili suala hilo liamuliwe vizuri, maana ukiandikwa kwenye faili kuwa na aleji ya penisilini bila uhakika, utaibeba lebo hiyo maisha yako yote na kunyimwa dawa nzuri siku utakapoihitaji. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hilo si la kungoja miadi.

Mechi je? Virusi hivi huvimbisha bandama, chini ya mbavu za kushoto. Bandama iliyovimba ikipigwa kiwiko inaweza kupasuka na kuvujia damu tumboni. Kaa pembeni angalau wiki tatu, na urudi uwanjani kwa ruhusa ya aliyekupima. Maumivu makali ya ghafla juu ya tumbo upande wa kushoto, au begani kushoto bila kuumia, ni ya kukupeleka hospitali papo hapo.

Kuna jambo huna budi kulisikia, ingawa hukuliuliza. Maambukizi mapya ya VVU, wiki mbili hadi nne baada ya kuingia mwilini, yanaweza kuonekana hivihivi: koo, homa, tezi, vipele. Kama ulifanya ngono bila kinga hivi karibuni, mwambie daktari bila kuzunguka, apange kipimo kinachofaa na tarehe ya kurudia, kwa sababu vipimo vingine mwanzoni kabisa huwa bado havijaona kitu. Hatutaki kujua ni nani. Tunataka kujua ni lini.

Na kwa rika lako natazama pia koo linalohamia upande mmoja. Mtu alikuwa anaendelea vizuri, kisha maumivu yanakusanyika kushoto au kulia, yanapiga hadi sikioni, taya linakaza hata vidole viwili haviingii mdomoni, na anaongea kama ana tonge la moto kinywani. Hapo kuna jipu pembeni ya findo. Vidonge pekee mara nyingi havitoshi. Usaha hutolewa, kwa sindano au kwa kisu kidogo, na nafuu huja upesi kiasi kwamba wagonjwa hunishukuru huku bado wanatema. Ukiona homa imerudi na mtetemo baada ya koo kupoa, na shingo imevimba ubavuni, nenda siku hiyohiyo. Ni nadra, lakini maambukizi huwa yameingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo.

Daktari, natumia kabimazoli kwa ajili ya tezi ya shingo, mwezi wa pili sasa. Tangu jana koo linauma, nina homa na vidonda vidogo mdomoni. Nasikia ni mafua tu yanazunguka. – Dada Mwenye Haraka

Huyu nilimpigia simu siku niliyoipata barua yake. Barua kama hii haingoji toleo lijalo. Naichapisha kwa ajili ya wengine.

Kabimazoli ni dawa nzuri, lakini kwa watu wachache, chini ya mmoja kati ya mia, inazima utengenezaji wa chembe nyeupe za damu, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Dalili ya kwanza mara nyingi ni hiyohiyo: koo, homa, vidonda mdomoni. Usimeze kidonge kinachofuata. Nenda siku hiyo, taja jina la dawa mlangoni, omba chembe nyeupe zihesabiwe. Zikikutwa sawa, umepoteza asubuhi moja. Ni vivyo hivyo kwa wanaotumia klozapini, methotreksati, sulfasalazini au dawa za saratani, ila ninyi, swali la kuacha au kuendelea na dawa liamuliwe na waliowaanzishia. Kwenu ninyi wote sheria ya "subiri wiki" haipo.

Mimi ni mwalimu, miaka 52. Koo haliumi. Ila sauti imekwama wiki ya tano hii, wanafunzi wa nyuma hawanisikii. Nafyonza pipi za koo, nanong'ona ili niipumzishe. Navuta sigara kidogo. – Mwalimu

Mwalimu, barua yako ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko zote, na ndiyo pekee isiyo na maumivu. Unaona sasa kwa nini sipimi kwa maumivu.

Sauti iliyokwama kwa mafua hurudi ndani ya wiki mbili. Ikipita wiki tatu, nyuzi za sauti zinapaswa kutazamwa kwa macho, na kwa mvutaji wa umri wako sitaki mjadala. Nenda kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Atakupitishia kamera nyembamba puani, dakika chache, inakera lakini haiumizi. Mara nyingi hukutwa vinundu vya kuongea sana, au asidi ya tumbo inayopanda usiku na kuunguza koromeo, hata kwa mtu asiyejua kama ana kiungulia. Tunachotaka kukiondoa kwanza ni saratani. Ile inayoanzia kwenye nyuzi za sauti zenyewe ina tabia moja yenye manufaa: hujitangaza mapema, maana hata uvimbe mdogo hubadili sauti, na ikikamatwa wakati huo hutibika vizuri sana. Wiki unazozimalizia kwenye pipi ndizo zinazoipora faida hiyo.

Kunong'ona kuache, kunazibana nyuzi zaidi. Ongea taratibu kwa sauti ya chini, au nyamaza. Kama unatumia dawa ya pumu ya kuvuta, sukutua mdomo kila baada ya kuivuta, kwani nayo hukwamisha sauti na kuotesha utando mweupe kooni. Ukiwa na uvimbe shingoni, damu kwenye mate, chakula kinachokwama au sikio moja linalouma bila ugonjwa wa sikio, mwambie mtaalamu kabla hajakuuliza. Na sigara kidogo ni ngapi? Hesabu kwa uaminifu kabla hujaingia, atauliza.

Maji ya chumvi yanasaidia kweli au ni mazoea tu? – Msomaji wa Siku Zote

Yanatuliza, hayatibu. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua koo, tema. Rudia upendavyo. Asali nayo inalainisha, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asionjeshwe kabisa. Inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulini ambavyo utumbo wake haujaweza kuvidhibiti. Vya baridi havikatazwi, na mtoto anayekataa kunywa chochote mara nyingi atakubali barafu. Asiyejua bado kutema, msimpe maji ya chumvi, atayameza yote.